Simu Kuanguka Ni Matumizi ya Kawaida, Si Uzembe

Simu ikikuchoropoka ukiwa umeishika usawa wa kifua, una nusu sekunde tu kabla haijafika chini. Hata golikipa hodari hawahi. Kinachofuata kila mtu anakijua: mlio mkavu, kimya kidogo, kisha mwenye simu anainama na kuigeuza polepole asijue atakutana na nini. Kabla hajamaliza kuipangusa vumbi, aliye jirani ameshatoa hukumu: "Si nilikwambia ununue kava?"

Lawama hiyo tumeizoea mno, na ndiyo ninayotaka kuipinga. Kitu kinachoingia na kutoka mfukoni kutwa nzima, kinachoshikwa kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba mzigo, kinachotumika kitandani, jikoni, kwenye ngazi na ndani ya basi, lazima kitaanguka. Swali ni lini na wapi. Mbunifu wa simu analijua hilo kuliko mimi na wewe. Akikifunika kifaa hicho kwa kioo mbele na nyuma, huku akijua kitaanguka, ameshafanya uamuzi. Ufa unaouona leo ulianzia kwenye uamuzi ule. Mkono wako umekuja baadaye.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazoonyesha mzigo uko wapi. Kitu kikidondoka kutoka kimo cha mita 1 hugusa ardhi kikiwa na kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 16 kwa saa. Si kasi ya kutisha. Mkimbiaji mzuri anaifikia. Kinachovunja simu ni namna kasi hiyo inavyokatishwa. Simu ya gramu 200 ikisimama ndani ya umbali wa milimita 1 tu, kitu kigumu kikigonga kitu kigumu, nguvu ya wastani inayoipata ni kama mara 1,000 ya uzito wake. Ni kana kwamba, kwa kitambo kidogo sana, umeibebesha mzigo wa kilo 200. Ukiongeza umbali wa kusimama ukawa milimita 3, nguvu hiyo inashuka hadi theluthi. Kazi ya kava yote ni hiyo: kununua milimita mbili za ziada za kusimamia. Maua, rangi na maandishi ni mapambo.

Na milimita hizo zinahitajika zaidi kwenye kona. Simu ikidondoka bapa, kishindo kinasambaa. Ikitangulia kwa kona, nguvu yote inapita kwenye eneo dogo kuliko ukucha, fremu inabonyea kidogo, na ukingo wa kioo unaokaa ndani ya fremu hiyo unalazimika kufuata. Chukua simu yoyote iliyopasuka uitazame kwa karibu. Mara nyingi utaona nyufa zinatawanyika kutoka mahali pamoja, na hapo pana kidonda kidogo kwenye chuma cha pembeni, rangi imebanduka, pengine upana wa milimita mbili. Ufa unaokatiza picha ya mtoto wako katikati ya skrini ulizaliwa pale pembeni.

Kwa nini basi simu hupenda kuangukia uso? Mwaka 1995 mwanafizikia Robert Matthews alichapisha uchambuzi kuhusu mkate uliopakwa siagi unaoteleza kutoka mezani. Alionyesha kwamba mkate huanza kuzunguka unapoteleza, na kimo cha meza hakitoshi kuumalizia mzunguko mzima, hivyo unatua upande wa siagi. Simu nayo ina tabia ya karibu na hiyo. Tunaishika chini ya kitovu cha uzito wake ili kidole gumba kifikie herufi, kwa hiyo ikiteleza sehemu ya juu inatangulia na simu inaanza kupinduka. Nusu sekunde ya kuanguka inatosha kuigeuza, haitoshi kuirudisha. Hakuna mkosi hapo. Ni namna tu tunavyozishika simu ndefu, na urefu huo nao haukuchaguliwa na sisi.

Kioo chenyewe kinasingiziwa udhaifu. Ukikibana kinastahimili mno. Ukikivuta au kukipinda ndipo kinaachia, na kinaachia penye kasoro. Mhandisi wa Uingereza A. A. Griffith, katika andiko lake la mwaka 1921, alieleza kwa nini kioo cha kawaida kina nguvu ndogo sana ukilinganisha na ile ambayo nadharia inakipa: uso wake una nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na mkazo hujikusanya kwenye ncha za nyufa hizo mpaka moja inaachia. Hapo ndipo linapoeleweka jambo linalowashangaza wengi. Simu imeanguka kwenye zege mara kadhaa haikupata hata alama, kisha siku moja inadondoka kutoka kwenye kochi na kioo kinakwisha. Mwenyewe anasema ni bahati mbaya. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba kioo kile kilikuwa kimeshakusanya mikwaruzo ya mchanga wa mfukoni kwa muda mrefu, na mmoja wao ulikuwa unangoja upate kona nzuri.

Mchanga nimeutaja makusudi. Watu wanaogopa kuweka simu mfuko mmoja na funguo, wakati chuma cha funguo nyingi hakiwezi kukwaruza kioo cha kisasa kirahisi. Punje ya mchanga inaweza, kwa kuwa mchanga mwingi ni kwatzi, madini magumu ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs inasimama kwenye 7 huku kioo kikizunguka 6. Vumbi unalolipangusa kwa kanga kavu ukidhani unasafisha skrini ndilo linaloichora.

Dawa ya viwandani dhidi ya kasoro hizo ni ya zamani na, nikiri, ni ya kupendeza. Kioo huzamishwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, kwenye joto la takriban nyuzi 400 za Selsiasi. Ioni za sodiamu, yaani chembe zake ndogo zenye chaji, zilizo kwenye uso wa kioo hutoka, na ioni za potasiamu zilizo kubwa zaidi hujibana kwenye nafasi zao. Kikipoa, uso wote unabaki umebanwa, na ufa hauwezi kufunguka mpaka kwanza nguvu ya nje ishinde ule mbano. Kampuni ya Corning ya Marekani ilikuwa na kioo cha aina hiyo tangu miaka ya 1960, kikiitwa Chemcor, bila kupata soko kubwa la kudumu. Soko lilikuja mwaka 2007.

Mwaka huo ndio wa kutazamwa kwa makini. iPhone ya kwanza ilipoonyeshwa Januari 2007, ilikuwa bado na skrini ya plastiki. Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliona plastiki inachorwa na vitu vya mfukoni, akataka kioo, na kwa msaada wa Wendell Weeks, mkuu wa Corning, simu ilipoingia sokoni Juni mwaka huohuo ilikuwa na kioo. Dunia nzima ikafuata. Tazama sababu iliyotolewa: mikwaruzo. Kioo kiliingia kwenye simu kwa sababu kinabaki kinang'aa, wakati plastiki, pamoja na kuchakaa sura, ni ngumu zaidi kupasuka. Tangu siku hiyo tasnia nzima imekuwa ikilipa deni la uchaguzi huo, kwa kutangaza kila baada ya mwaka mmoja au miwili kioo kipya kinachohimili kuanguka kuliko cha mwanzo.

Maendeleo yapo, sitaki kuyabeza. Mwaka 2020 Corning ilitoa kioo cha Gorilla Glass Victus ikisema katika maabara yake imehimili kuanguka kutoka mita 2 kwenye uso mgumu wenye kukwaruza. Mwaka huohuo Apple ilileta Ceramic Shield, kioo chenye fuwele ndogo za kauri ndani yake, ikitangaza uhimilivu mara nne wa ule wa kizazi kilichotangulia. Mara nne ya nini hasa, na kwenye sakafu ipi, ni habari ambayo mnunuzi hapewi akiwa dukani. Na wakati kioo kinaimarika, simu nazo zinaongezeka uzito. iPhone ya kwanza ilikuwa na gramu 135. iPhone 14 Pro Max ya mwaka 2022 ina 240. Nishati ya kuanguka hupanda sawasawa na uzito, kwa hiyo sehemu ya faida ya kioo kipya inaliwa na mwili mpya.

Hapo ndipo watu humtaja Nokia 3310, simu ya mwaka 2000 iliyogeuka utani wa intaneti kwa ugumu wake. Sifa zake zinaeleweka bila miujiza. Ilikuwa na gramu 133, gamba la plastiki linaloweza kubonyea na kurudi, na skrini ndogo iliyojificha nyuma ya dirisha la plastiki. Ikianguka, gamba linaruka huku, betri kule, na kila kipande kinaondoka na sehemu ya nishati. Unaokota, unaunganisha, unapiga simu. Sidai turudi kwenye skrini ya rangi moja. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kutengeneza simu inayovumilia sakafu ulikuwepo, na tuliuacha kwa hiari ili tupate vitu vingine.

Baadhi ya vitu hivyo vina maana. Mgongo wa kioo, kwa mfano, una utetezi: kuchaji bila waya hakupiti kwenye chuma, na chuma kinasumbua mawimbi ya antena. Lakini plastiki nayo inapitisha vyote viwili, tena haipasuki kirahisi. Mgongo ukawa wa kioo kwa sababu kioo kinaonekana cha thamani mkononi na kwenye picha ya tangazo. Matokeo yake ni simu yenye nyuso mbili za kuvunjika badala ya moja, tena zinazoteleza, ambayo mnunuzi anaivika kava la plastiki siku ya kwanza. Uzuri uliolipiwa unaishi gizani mpaka simu inauzwa.

Na njia nyingine ilishajaribiwa. Mwaka 2015 Motorola ilitoa simu iliyoitwa Droid Turbo 2 Marekani na Moto X Force kwingineko, ikiwa na skrini ya tabaka tano isiyo na kioo juu. Kampuni iliipa dhamana ya miaka minne kwamba skrini haitapasuka. Dhamana ya maandishi, kwa kuanguka! Kasoro yake ilikuwa ileile iliyomkera Jobs: tabaka la juu lilikuwa la plastiki na lilichorwa, ingawa liliweza kubadilishwa. Wanunuzi hawakuigombania, na wazo likafifia. Hapa sina budi kugawa lawama. Dukani tunachagua kinachong'aa, na watengenezaji wanatusoma vizuri.

Wanavyotusoma kunaonekana hata kwenye maneno ya matangazo. Chukua "kiwango cha kijeshi". Kinachorejelewa ni MIL-STD-810, mwongozo wa jeshi la Marekani wa kupima vifaa. Jaribio lake la kuangusha kutoka kimo cha takriban mita 1.2 lina maangusho 26: nyuso 6, kingo 12 na kona 8. Linasikika kali mpaka usome kwamba kifaa huangukia mbao za plaiwudi zilizolazwa juu ya zege, na kwamba maangusho hayo yanaruhusiwa kugawanywa kwa vifaa hadi vitano. Zaidi ya hapo, hakuna ofisi ya jeshi inayogonga muhuri. Mtengenezaji anachagua majaribio, anayafanya au kuyalipia, kisha anaandika kwenye boksi. Si lazima awe mwongo. Ila wewe hukanyagi plaiwudi ukishuka kwenye basi.

Alama ya IP68 nayo inabeba imani isiyo yake. Inatokana na kiwango cha IEC 60529, na inazungumzia vumbi na maji peke yake: tarakimu ya kwanza vumbi, ya pili maji. Haisemi lolote kuhusu kuanguka. Tena kuanguka kunaweza kuiharibu, maana kinachozuia maji ni gundi na mipira myembamba kando ya fremu, na fremu ikibonyea mahali fulani, maji yamepata mlango. Simu iliyoanguka vibaya isipelekwe bwawani kwa kutegemea alama ya kwenye boksi.

Halafu kuna "9H" ya protekta za kioo. Wengi wanaisoma kama 9 ya Mohs, jirani wa almasi. Siyo. Ni kipimo cha penseli: uso unakwaruzwa kwa penseli za ugumu tofauti, na 9H ni penseli ngumu iliyoushindwa. Mchanga haukushiriki kwenye mtihani huo.

Je, protekta haina kazi? Inayo, ingawa si ile inayotangazwa. Protekta ya kioo ya unene wa theluthi moja ya milimita haiwezi kumeza kishindo cha kona. Inachoweza ni kupokea mikwaruzo kwa niaba ya kioo halisi, na kwa jinsi Griffith alivyotufundisha, kioo kisicho na mikwaruzo ndicho chenye nafasi ya kuvumilia kuanguka kesho. Kwa sababu hiyo protekta iliyochakaa au kumeguka haina haja ya kuonewa huruma. Ibandue, weka nyingine. Na usidanganyike mara zote na furaha ya "imepasuka protekta tu, kioo kizima". Protekta ni nyembamba na dhaifu kuliko kioo cha chini yake. Pengine kioo kingepona hata bila hiyo.

Kava ndilo lenye kazi kubwa, na la kulitazama ni mambo machache yanayoonekana kwa jicho. Bonyeza kona yake kwa kidole: inabonyea na kurudi, au ni ngumu kama simu yenyewe? Kava gumu tupu linahamisha kishindo badala ya kukipunguza. Mazuri yana plastiki laini kwa ndani, na mengine yana vijifuko vya hewa kwenye kona. Kisha laza simu kifudifudi mezani: ukingo wa kava uinue skrini isiguse meza, na nyuma uinue kamera vilevile. Mwisho, lishike kwa mkono mkavu na wenye jasho. Kava linaloshikika lina thamani kuliko nene linaloteleza, kwa sababu kuanguka kusikotokea hakuhitaji hesabu. Kamba ya mkononi au pete ya nyuma, ambazo wengi huziona za kitoto, zinashinda kila kioo cha maabara kwa hoja hiyohiyo.

Kuna waliotaka kwenda mbali zaidi. Simu ina kihisi kinachojua iko hewani, kwani kitu kinachoanguka huru hakihisi uzito wake. Mwaka 2014 Apple ilipata hataza ya mfumo wa kuigeuza simu ikiwa hewani ili itue upande usio dhaifu. Mwaka 2018 mwanafunzi wa Kijerumani, Philip Frenzel, alionyesha kava lenye miguu ya springi inayochomoka kwenye kona simu inapoanguka. Ni kazi za kuvutia, na zinanichekesha kidogo: watu wako tayari kuifundisha simu sarakasi kuliko kuirudishia gamba la plastiki.

Simu za kukunja ziko pabaya zaidi. Galaxy Z Flip ya mwaka 2020 ilitumia kioo chembamba cha takriban milimita 0.03 chini ya tabaka la plastiki, na ongeza bawaba katikati. Anayeinunua ajue anachonunua.

Mabadiliko ya maana nayaona kwenye sheria kuliko kwenye kioo. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinabeba lebo yenye, pamoja na mambo ya nishati na betri, herufi ya kuanguka: A hadi E. Simu ya kawaida inaangushwa tena na tena kutoka mita 1, na A inatolewa kwa inayohimili mara 270 au zaidi. Kanuni sambamba inaweka kiwango cha chini cha mara 45 ili simu iruhusiwe kuuzwa. Lebo hiyohiyo inatoa herufi nyingine kwa urahisi wa kutengenezeka, na kanuni zinadai vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya simu kuacha kuingizwa sokoni.

Wapo wanaoulalamikia upimaji wenyewe. Apple ilitoa waraka mwaka 2025 ikisema baadhi ya njia zilizoagizwa zina utata, na kwamba imejishusha alama kwa hiari ili isije ikapingwa na mpimaji mwingine. Malalamiko hayo yanaweza kuwa ya haki. Maabara mbili zikiangusha simu moja zikapata herufi mbili, lebo inapoteza maana. Lakini kuna jambo kubwa lililokwisha kutendeka. Mara 45 ni idadi ya matumizi. Mtunga sheria ameketi, akakubali kwamba simu itaanguka, tena si mara moja, na akamwekea mtengenezaji kiwango. Mpaka hapo hukumu ya jirani yako imebatilishwa kisheria, angalau katika nchi hizo.

Kinachosalia ni dhamana. Simu inaweza leo kubandikwa herufi A ya kuanguka mara 270, na ndani ya boksi hilohilo kukawa na karatasi ya dhamana inayosema uharibifu wa kuangusha hauhusiki, kuanzia mara ya kwanza. Motorola iliweka saini kwa miaka minne mwaka 2015. Anayechapisha 270 kwenye lebo aulizwe ataweka saini kwa ngapi.